Picha za Bidhaa Zinapokosa Sura: Dalili, Sababu na Tiba kwa Muuzaji Anayepiga Picha kwa Simu

Muuzaji anayenunua simu mpya kwa sababu picha zake ni mbaya mara nyingi hugundua, baada ya wiki moja, kwamba picha bado ni mbaya na deni la simu lipo palepale. Picha hupita mahali patano kabla ya kumfikia mteja: mwanga unaoiangukia bidhaa, kioo cha lenzi, simu yenyewe, programu ya mtandao wa kijamii, na mwisho kioo cha simu ya mteja. Katika miaka niliyowasaidia wauzaji wa vitambaa, viatu na keki jijini Dar es Salaam, nimeona hitilafu nyingi zikiingia kwenye mwanga, kwenye lenzi na kwenye programu, ilhali lawama yote hubebeshwa simu.

Kwa hiyo, kabla ya kusoma dalili yoyote hapa chini, fungua picha halisi iliyomo kwenye galari ya simu yako, si ile uliyokwisha kuiweka mtandaoni, kisha uikuze kwa vidole viwili hadi uone nyuzi za kitambaa au punje za sukari kwenye keki. Ikiwa hapo picha ni safi, kamera yako haina kosa; ruka moja kwa moja hadi sehemu inayohusu picha zinazoharibika baada ya kupakiwa. Ikiwa imeharibika tangu galarini, endelea kwa utaratibu, na usiruke vipimo vyepesi kwa kuviona vya kitoto.

Picha ina ukungu au haina makali

Sababu inayoongoza kwa mbali ni lenzi chafu. Simu hushikwa kwa mikono yenye mafuta ya maandazi, hulazwa kwenye meza yenye vumbi, na hutiwa mfukoni pamoja na funguo. Dalili yake ni kwamba taa zinazoonekana kwenye picha huzungukwa na duara la mwanga au hutoa michirizi mirefu, na rangi nyeusi huonekana kama imepakwa maziwa. Futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba kilicho safi au kile cha kufutia miwani, kisha piga tena picha ileile. Upindo wa shati lenye vumbi haufai, kwa maana chembe za mchanga hukwaruza.

Ya pili ni mkono kutikisika penye mwanga hafifu. Mwanga ukiwa mdogo, simu hurefusha muda wa kunasa picha, na katika muda huo mkono husogea hata kama mwenyewe hauhisi. Ili kupima, itoe bidhaa hadi barazani na upige kutoka umbali uleule: ikiwa picha ya nje ina makali na ya ndani haina, basi tatizo ni mwanga. Dawa ni kuongeza mwanga, kuegemeza simu kwenye kitu kisichotikisika au kuiweka kwenye stendi, na kutumia kihesabu muda cha sekunde 3 ili kidole chako kisiitikise wakati wa kubonyeza.

Ya tatu ni simu kulenga kisichotakiwa. Hutokea sana kwa hereni, pete na mikufu, ambapo simu hulishika zulia la nyuma na kuiacha bidhaa. Gusa bidhaa kwenye kioo cha simu, na ukiona bado inahangaika, shikilia kidole hapo hadi ulengaji ufungwe. Jirani na hili ni kosa la kusogea karibu mno. Kamera kuu ya simu ina umbali ambao chini yake haiwezi kuona vizuri, na kwa simu nyingi umbali huo ni sentimita 10 au zaidi. Simu za bei kubwa zenye kihisi kikubwa, yaani kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga, mara nyingi huhitaji umbali mrefu kuliko zile za bei ndogo. Rudi nyuma, kisha ukate picha baadaye.

Ikiwa yote hayo yamepimwa na ukungu bado upo, itazame protekta iliyobandikwa juu ya lenzi. Mimi mwenyewe nilikaa karibu miezi miwili nikiamini kamera yangu imekufa, na fundi mmoja alikuwa ameshanitajia bei ya kuibadilisha, hadi siku protekta ilipobanduka yenyewe ndani ya daladala. Picha ya kwanza niliyopiga baada ya hapo ilikuwa safi kama ya siku nilipoinunua simu. Protekta za bei ndogo huchakaa, hunasa vumbi chini yake, na hutawanya mwanga kuliko kioo cha asili, ambacho kwa kawaida ni kigumu vya kutosha.

Wanaoishi pwani wana sababu moja ya ziada. Simu iliyokaa ndani ya chumba chenye kiyoyozi hupata umande kwenye lenzi mara inapotolewa nje kwenye joto lenye unyevu, na picha za dakika za kwanza huwa na ukungu mweupe. Isubiri izoee hewa, kisha uifute. Mvuke wa pilau lililofunuliwa sasa hivi hufanya vivyo hivyo. Piga kutoka ubavuni, si kutoka juu ya sufuria.

Sababu adimu, lakini inayowahusu wengi wanaopeleka mizigo kwa bodaboda, ni kuharibika kwa kifaa kidogo kinachotuliza lenzi. Mwaka 2021 Apple ilitoa tahadhari kwamba mitetemo mikali ya injini kubwa za pikipiki, inayopita kwenye usukani hadi kwenye kishikio cha simu, inaweza kudhoofisha mfumo huo, na ikashauri kwamba hata kwa pikipiki ndogo na skuta kishikio kiwe chenye kupunguza mitetemo. Dalili ni kwamba picha hucheza kwenye kioo ilhali simu imelazwa mezani. Usiichanganye na mlio mdogo wa kugongana unaosikika ukiitikisa simu ambayo kamera yake haijawashwa, ambao kwa simu nyingi ni wa kawaida.

*Acha hapa na umwone fundi simu:* ukungu ulio upande wa ndani wa kioo ambao hauondoki. Picha inayocheza kama nilivyoeleza. Kioo cha lenzi kilichopasuka. Na zaidi ya yote, mfuniko wa nyuma unaoinuka karibu na kamera. Huo ni uvimbe wa betri. Zima simu, usiichaji, usiukandamize mfuniko urudi mahali pake, wala usiitoboe betri, kwa sababu inaweza kushika moto. Simu iliyoingia maji nayo isichajiwe kabla ya kufunguliwa.

Rangi ya picha si rangi ya bidhaa

Hii ndiyo hitilafu inayokula pesa, kwa kuwa mteja wa Mwanza aliyeagiza zambarau akaletewa kahawia hurudisha mzigo, na nauli ya basi ni juu ya muuzaji. Nitakaa hapa kwa muda mrefu kidogo.

Chanzo cha kwanza ni rangi ya mazingira. Mwezi mmoja nilimsaidia mama mmoja anayeuza vitenge kwenye kibanda kilichofunikwa kwa turubai la bluu. Vitenge vyake vya rangi ya chungwa vilitoka kama tope, vya njano vikawa na ukijani, na nyeupe zote zilikuwa na bluu ya maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji. Alikuwa amekwisha kujaribu programu tatu za kurekebisha rangi. Tulichofanya ni kukichukua kitenge kimoja, kukitoa hatua nne hadi chini ya kivuli cha ukuta mweupe ng'ambo ya njia, na kukipiga kwa simu ileile bila kugusa mpangilio wowote. Chungwa ilirudi kuwa chungwa. Turubai, ukuta uliopakwa kijani, mabati mekundu, hata shati la mpiga picha aliyeinama karibu, vyote huurudisha mwanga ukiwa umebeba rangi yake, na mwanga uliokwisha kupungukiwa na rangi fulani hauwezi kurudishiwa yote na programu.

Chanzo cha pili ni mwanga wa aina mbili kwa wakati mmoja. Dirisha huleta mwanga wenye ubaridi wa bluu, balbu ya manjano huleta joto, na simu inalazimika kuchagua mmoja, hivyo nusu ya gauni huwa ya rangi moja na nusu nyingine ya rangi tofauti. Zima taa zote ikiwa una dirisha; funga pazia ikiwa unatumia taa. Usivichanganye.

Chanzo cha tatu ni taa zenyewe. Balbu nyingi za LED za bei ndogo zina upungufu wa mwanga mwekundu, ndiyo maana kanga nyekundu huonekana kama tofali na nyama ya mchuzi huonekana kama ya jana. Kwenye boksi la taa nzuri huandikwa CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisi wake, ambacho ukomo wake ni 100. Tafuta ya 90 au zaidi. Taa ya duara isiyoandikwa kipimo hicho popote ni ya kubahatisha, hata kama inang'aa kiasi gani.

Baada ya hapo ndipo uitazame simu. Weka karatasi nyeupe ya kuandikia kando ya bidhaa katika picha ya majaribio. Ikiwa karatasi imetoka na rangi, ingia kwenye modi ya Pro, ile inayokuruhusu kupanga kamera mwenyewe, kama simu yako inayo, na usogeze mizani ya rangi nyeupe (White Balance au WB) hadi karatasi iwe nyeupe. Kisha iondoe karatasi na upige bila kubadilisha kitu. Ikiwa karatasi ni nyeupe lakini bidhaa bado si yenyewe, angalia kama umewasha kichujio, au kile kipengele cha kurembesha ngozi ambacho simu fulani huja nacho kikiwa kimewashwa tayari. Kipengele hicho hulainisha uso wa mvaaji, lakini hulainisha na mfumo wa kitambaa pia, na batiki ya mkono ikaonekana kama plastiki.

Mwisho, yawezekana picha ni sahihi na kioo chako ndicho kinachodanganya. Simu nyingi zina mpangilio wa kioo unaokoleza rangi. Mtumie jamaa mwenye simu ya aina nyingine picha hiyo, au uifungue kwenye simu mbili huku bidhaa ikiwa katikati. Kwa rangi ambazo hazikubali hata baada ya yote haya, na zambarau iliyokolea ndiyo sugu kuliko zote, andika jina la rangi chini ya picha kwa maneno ambayo mteja anayajua: zambarau ya biringanya, kijani cha ndizi mbichi, samli. Hiyo haivunji heshima ya picha yako.

Bidhaa nyeusi hutoka kijivu, nyeupe hutoka chafu, au picha yote ni giza

Kamera haijui kwamba keki yako ni nyeupe. Hupima mwanga wote na kujaribu kuufanya uwe wa wastani, kwa hiyo keki nyeupe kwenye kitambaa cheupe huteremshwa hadi kijivu, na viatu vyeusi kwenye meza nyeusi hupandishwa hadi kijivu vilevile. Gusa bidhaa kwenye kioo; kwa simu nyingi itatokea alama ya jua. Ipandishe kwa vitu vyeupe na uishushe kwa vitu vyeusi. Watu wengi wana alama hiyo kwenye simu zao kwa miaka na hawajawahi kuigusa.

Picha ikiwa giza yote, mara nyingi dirisha au mlango uko nyuma ya bidhaa. Geuka, dirisha liwe ubavuni mwako. Ikiwa upande mmoja wa bidhaa unang'aa na mwingine umezama kivulini, simamisha karatasi nyeupe ya manila upande wa kivuli, na utaona kivuli kikilainika mbele ya macho yako.

Jua la mchana ni suala jingine. Kwa Dar es Salaam jua hupita juu ya utosi mwezi Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi, na kwa sehemu kubwa ya mwaka saa sita mchana haliko mbali na hapo. Mvaaji hupata vivuli vyeusi chini ya nyusi na kidevu, na nguo hupoteza mikunjo yake. Piga kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu asubuhi, au saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Ikiwa lazima iwe mchana, tumia kivuli cha wazi kama cha baraza lisilo na paa la rangi. Kivuli cha mwembe hakifai, kwa sababu majani huacha madoadoa ya mwanga juu ya nguo.

Mistari ya giza inapita kwenye picha zilizopigwa ndani

Umeme wa Tanzania na Kenya una mzunguko wa 50 kwa sekunde, na taa zisizo na kifaa kizuri cha kutuliza umeme huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera inayonasa kwa muda mfupi huona, na matokeo yake ni mistari. Kwenye modi ya Pro weka muda wa 1/50 au 1/100 ya sekunde, ukiwa umeiegemeza simu. Kama simu haina modi hiyo, badilisha taa au rudi dirishani. Mistari inayobaki hata juani ni ya kihisi kilichoharibika, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kuhusu taa, neno la tahadhari. Nimeona taa za studio tatu zikichomekwa kwenye ekstensheni moja nyembamba iliyofichwa chini ya zulia. Soketi inayopata joto, harufu ya plastiki inayoungua, au taa inayokupiga shoti unapoigusa stendi yake si mambo ya kuvumilia hadi umalize kupiga picha. Zima kwenye ukuta na umwite fundi umeme.

Kiatu kina pua kubwa, mvaaji ana miguu mifupi

Kamera kuu ya simu huona eneo pana, na kilicho karibu nayo huvimba. Rudi nyuma hatua mbili, tumia kitufe cha 2x, na ushushe simu hadi usawa wa kiatu, au usawa wa kiuno kwa mtu aliyesimama. Kuvuta zaidi ya hapo kwenye simu isiyo na lenzi ya kuvutia huikuza tu picha iliyokwisha pigwa na kuipunguzia makali, kwa hiyo sogea kwa miguu yako.

Taa na sura ya mpiga picha vinaonekana kwenye bidhaa

Sufuria, saa, viatu vya ngozi ya kung'aa na chupa za marashi ni vioo vilivyojificha. Zima flashi kwanza, ambayo kwa bidhaa za namna hii haina msaada wowote. Kisha tandaza shuka jeupe jembamba kati ya dirisha na bidhaa ili mwanga uwe mpana na laini, vaa nguo isiyo na maandishi, na ubadilishe pembe kidogo kidogo huku ukitazama kioo. Usilifunike shuka juu ya balbu yenye joto.

Jina la kanga limeandikwa kinyumenyume

Hii hunichekesha kila mara, ingawa si mzaha kwa mwenye duka. Muuzaji hujifunga kanga, hujipiga kwa kamera ya mbele, na "Akiba haiozi" husomeka kuanzia mwisho. Simu nyingi huonyesha picha ya kamera ya mbele kama kioo cha kujitazamia, na baadhi huihifadhi hivyohivyo. Zima mpangilio wa kugeuza picha za kujipiga, au igeuze kwenye programu ya kuhariri. Lakini lililo bora ni kutumia kamera ya nyuma, ambayo karibu kila mara ina ubora zaidi. Kanga ipigwe ikiwa imetandazwa yote angalau mara moja, ili pindo, mji na jina vionekane, kwa sababu mnunuzi wa kanga husoma kabla ya kuuliza bei.

Picha ni safi kwenye galari, mbaya mtandaoni

Mara nyingi picha ilipita kwenye WhatsApp kabla ya kufika. Ukituma kwa njia ya kawaida, WhatsApp huipunguza hadi takribani pikseli 1600, yaani nukta ndogo zinazounda picha, upande mrefu na kuibana zaidi. Mwenzako akiihifadhi na kuituma tena, inabanwa upya. Tumia chaguo la HD, au uitume kama hati, ambapo haiguswi kabisa. Picha iliyochukuliwa kutoka kwenye stetasi au kwa kunasa skrini isitumiwe kwa tangazo lolote.

Kwa Instagram, picha pana kuliko pikseli 1080 kwa kawaida hupunguzwa na programu yenyewe. Ukiipunguza wewe kwanza, 1080 kwa 1350 kwa picha ya kusimama au 1080 kwa 1920 kwa stori, unaona mapema kitakachokatwa. Angalia pia kwenye mipangilio kama umewasha kuokoa data au umezima upakiaji wa ubora wa juu, jambo ambalo wengi hulifanya siku ya kubana bando na kulisahau. Maandishi madogo mekundu juu ya picha ndiyo huumia kwanza picha inapobanwa. Yaandike kwa nyeupe au nyeusi, na yawe makubwa.

Picha haina kasoro, lakini wateja wanauliza maswali yaleyale

"Ni kubwa kiasi gani?" "Nyuma ikoje?" Hapa hitilafu ni ya kilichoachwa nje ya picha. Pochi ishikwe mkononi, sufuria iwekwe kando ya kikombe cha chai, zulia lilazwe futi juu yake. Ongeza picha ya nyuma, ya mshono, na ya kasoro kama ipo. Ikiwa picha ni ya mteja aliyevaa nguo yako, mwombe ruhusa kabla ya kuichapisha: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na uso wa mtu si mali ya duka.

Wakati wa kumwita mpiga picha

Kazi ya kuchapisha ni tofauti na kazi ya simu. Ukurasa mzima wa A4 uliochapishwa kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 2480 kwa 3508, wakati picha iliyopita kwenye WhatsApp kwa njia ya kawaida inatosha takribani sentimita 13.5 tu upande wake mrefu. Kalenda, katalogi, bango la barabarani na vito vidogo vyenye mawe ni vya mpiga picha mwenye kamera, taa na lenzi za kazi hiyo. Unapopatana naye, mwambie akukabidhi picha zikiwa katika ukubwa wake wa asili kwenye flashi diski, si kwa WhatsApp, na mwandikishiane ni wapi unaruhusiwa kuzitumia.